Jana ya Kuazima

Wanafunzi wangu walinipa jina la Kumbe, wakidhani sijui. Nililipata kihalali, maana nikimnasa mtu kwenye uongo husema neno hilo moja tu, kisha hunyamaza na kumwangalia mpaka aanze kujikuna shingo. Mdogo wangu, fundi cherehani ninayeishi naye, husema kwamba ningezaliwa paka ningemhoji panya kwanza. Sikatai. Mtu akinisalimu kwa furaha iliyozidi, najiuliza ana shida gani. Nikikuta darasa limetulia tuli, najua kuna kitu kimevunjika.

Nafundisha Kiingereza darasa la mtihani, na ugonjwa mkubwa wa wanafunzi wangu ni nyakati za vitenzi. Si kwamba hawazijui. Ukimsimamisha mmoja ubaoni atakupa wakati uliopita, atakupa uliopo, bila kumung'unya. Sasa mwambie asimulie kitu. Ataanza jana, katikati atarukia leo, atachungulia kesho, na mwisho hujui kama huyo shangazi wa hadithi alishafika au bado yuko njiani. Siwalaumu sana. Lugha yetu ina huruma: ukishasema nilikwenda, unaendelea nikafika, nikakuta, na ukinogewa unasema huyo anaingia, huyo anakaa, na msikilizaji anakufuata tu. Kiingereza hakina huruma hiyo. Ukianza jana, kaa jana mpaka umalize.

Dawa yangu ilikuwa hii. Kila asubuhi, kipindi cha kwanza, wanafunzi wachache walisimama mbele, kila mmoja akasimulia jana yake kwa Kiingereza. Wengine waliweka ngumi juu ya madawati. Msimuliaji akihama wakati, aliyesikia aligonga mara moja, na msimuliaji alirudi kwenye sentensi ile, akaitengeneza, akaendelea. Wageni waliopita nje walidhani tunafundisha useremala.

Sharti lilikuwa moja: jana iwe ya kweli. Kwenye hilo sikuwa na mchezo. Niliamini kwamba aliyeona kitu kwa macho yake hapotezi wakati, kwa sababu kitu kiko pale, kimeshatokea, yeye anakichota tu. Mwongo anatunga huku anatembea, kwa hiyo vitenzi vyake vinayumba. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi niliamini nina rula ya kuipimia.

Katika darasa hilo kulikuwa na msichana waliyemwita Kimya. Alikaa safu ya mbele karibu na mlango, sare imefuliwa mpaka rangi imechoka, vidole vyepesi ambavyo vilikuwa vikisuka nyuzi za mkoba wake muda wote. Kwenye kuandika hakuwa na mpinzani. Lakini zamu yake ya kusimulia ikifika, alisema, "Jana hakukutokea kitu, mwalimu." Mimi nikamjibu kwamba hakuna jana isiyo na kitu, hata kuku ana habari za jana. Nikamwacha asimame pale mbele mpaka kengele. Zamu iliyofuata, hivyo hivyo. Nilisema nitaona nani atachoka kwanza.

Kisha, Jumatatu moja, akasimulia.

Alisimulia kwamba mama yake aliangusha mfuniko wa birika ukapasuka vipande viwili. Baba yake aliuunga kwa gundi ya viatu na kujisifu kwamba mafundi wangekoma. Chai ilipochemka, gundi ililainika ikatiririkia ndani, na familia nzima ilikunywa chai yenye ladha ya kiatu kipya, huku baba akikaza uso na kusema haina neno. Darasa lilicheka. Alianza jana, akakaa jana, akamaliza jana. Hakuna ngumi iliyoinuka.

Mwalimu mwingine angepiga makofi. Mimi machale yalinicheza. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtoto aliyesimama kama nguzo wiki nzima anawezaje kutiririka hivyo? Na kuna kitu kingine nilikiona: mvulana mrefu wa safu ya nyuma, waliyemwita Rula, midomo yake ilikuwa ikicheza pamoja na ya Kimya, neno kwa neno, mithili ya mtu anayemsindikiza mwenzake kwenye wimbo.

Niliondoka na swali hilo. Jibu lilinifuata lenyewe kesho yake, kwa miguu ya mama yake Rula.

Alikuja kuulizia mkutano wa Ijumaa. Hapa lazima nieleze. Mwaka uliopita mwanafunzi mmoja wa darasa la mtihani alitoweka, na shule ilipomtafuta mtu wa kumwuliza, haikumpata. Tangu hapo mwalimu mkuu aliapa. Kila mwanafunzi wa darasa la mtihani alitakiwa kuletwa na mzazi au mlezi, mtu mzima, mwenyewe, si salamu wala simu. Asiye na mtu Ijumaa hiyo hangeandikishwa mtihani, na angekabidhiwa kwa ndugu yeyote atakayepatikana, popote alipo. Mkuu hakuwa mkatili. Alikuwa amechomwa mara moja tu, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Nitafika, mwalimu," mama yake Rula aliniambia pale barazani, "ila msinicheke nikinuka gundi. Baba yake huyu kaniunga mfuniko wa birika na gundi ya viatu. Chai ya Jumapili tumekunywa kiatu."

"Kumbe," nikasema.

"Eh?"

"Nasema poleni."

Nilimwita Rula wakati wa mapumziko, nikamkalisha kwenye chumba cha walimu mahali ambapo jua la dirishani linampiga machoni. Sikuanza na birika. Nilianza na hali ya hewa.

"Na chai ya Jumapili ilikuwaje?"

"Ilinuka gundi, mw..." Akafunga mdomo.

"Ajabu. Hata kwa akina Kimya ilinuka gundi. Mji mzima umeharibikiwa na mabirika?"

Alitazama viatu vyake. Virefu navyo.

"Rula, nani mwenye birika?"

"Sisi."

"Na jana ile ni ya nani?"

"Yangu. Nimempa."

"Jana haitolewi. Si kalamu hiyo."

"Mimi Jumapili yangu ilikuwa na mambo mengi, mwalimu," alisema polepole. "Nilibakiwa na nyingine."

Nilimwuliza kwa nini. Nilimwuliza kwa upole, nikamwuliza kwa ukali, nikanyamaza kwa namna yangu ya kunyamaza. Alijikuna shingo mpaka ikawa nyekundu, lakini hakusema. Na huyo ni mtoto ambaye ukimkazia macho anakutajia hata aliyeiba chaki darasa la pili. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwamba kuna jambo.

Jumatano Kimya akasimama tena. Safari hii paka alikuwa amezaa ndani ya kabati, juu ya mashati ya baba, na baba alikwenda kazini na fulana kwa sababu hakutaka kumsumbua mzazi. Vitenzi vyote vimenyooka. Mimi sikumtazama Kimya, nilitazama mikono ya Kiranja, msichana anayesimamia darasa. Ilikuwa na mikwaruzo mipya hadi kwenye kiwiko, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameniuliza kama nyumbani kwangu nahitaji paka.

Kumbe si mtu mmoja. Darasa zima lilikuwa limekula njama. Walikuwa wakichangia jana za msichana mmoja, wakimfanyisha mazoezi nyuma ya vyoo, nadhani, mpaka vitenzi vinyooke. Na dawa yangu, ambayo niliisifia kwenye mikutano ya walimu, ilikuwa imegeuzwa mchezo wa kuigiza mbele ya macho yangu. Nilikasirika. Nasema kweli, nilikasirika mpaka chaki ikanikatikia mkononi. Lakini zaidi ya hasira nilitaka kujua: jana ya Kimya mwenyewe ina nini, hata ifichwe na darasa zima?

Mdogo wangu alikuwa na jibu kabla sijamaliza kusimulia. Kama mimi ni mshuku, yeye ni mshuku na nusu, ila mimi hutafuta ushahidi, yeye huona ushahidi unamchelewesha.

"Kuna mwanamume hapo," alisema, pini mdomoni.

"Mtoto wa shule?"

"Kwani nimesema yeye ndiye amemtaka? Kuna mtu mzima anamweka mahali, anamfanyisha kazi, anamkataza kusema. Nenda ukaangalie kamba ya nguo. Kamba haijui kudanganya. Na ukipita dukani niletee uzi mweusi, huu umekwisha."

Asubuhi ya Alhamisi, mwalimu mkuu naye aliniita. Alikuwa akisafisha miwani kwa ncha ya tai, jambo alilofanya kila alipotaka kusema kitu asichokipenda.

"Huyu Kimya wako. Sijawahi kumwona mtu wake hata siku moja. Mama yao, yeye na mdogo wake, alifariki, hilo tunalijua. Nimempata baba yake mkubwa kwa simu. Anasema baba yao yupo, anaishi nao, lakini yeye mwenyewe hajamwona siku nyingi. Wewe ndiye mwalimu wa darasa, na wewe macho yako nayaamini. Nenda leo ukaone. Ukiniambia kuna mtu mzima, basi, Ijumaa aje. Ukiniambia hakuna, nampigia baba mkubwa aje amchukue."

"Na mtihani?"

"Atafanya mwaka mwingine, huko atakakokwenda."

Nilitoka na mzigo ambao sikuuomba. Mama yake alifariki, na kila mtu alilijua hilo. Mimi niliyejifanya bingwa wa kunasa nilikuwa nimesikiliza hadithi ya mama na birika nikatazama midomo ya Rula, sikumtazama mtoto. Lakini sikujilaumu muda mrefu. Nilijiambia, kama kuna mwanamume mle ndani nitamtoa kwa masikio yake.

Kimya alikaa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Unapita kwenye uchochoro wenye mtaro wa maji ya sabuni, unavuka ubao, unakutana na nyumba ya vyumba viwili yenye mlango wa buluu. Tulikuwa tumewaachia wanafunzi mapema, lakini nilijua Kimya hupitia bombani, hivyo niliwahi kabla yake makusudi. Ukitaka kujua nyumba, ifikie kabla mwenyewe hajaiandaa.

Kamba ya nguo ilikuwa na gauni moja dogo, sare ya shule, ile ya pili, na shati la kiume, la michirizi. Mlangoni palikuwa na viatu vya kiume, vyeusi, vimepangwa sambamba, ncha zikitazama nje. Mdogo wangu alikuwa amepatia. Nikashusha mkoba wangu kutoka begani nikaushika mkononi, maana una kitabu kizito ndani.

Kabla sijabisha, mlango ulifunguka kidogo na mtoto wa kike akachungulia. Meno ya mbele hakuwa nayo.

"Shikamoo," akasema. "Baba amelala. Ametoka kazini usiku."

"Marahaba. Nenda kamwamshe."

"Akilala hataki kuamshwa."

"Mwambie ni mwalimu."

"Amesema hata mwalimu."

Alisema yote hayo kwa sauti ya aliyekariri, akitazama juu ya kichwa changu. Mimi nimeshasikia wanafunzi wengi wakikariri. Basi nikainama mbele ya vile viatu, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu chake, nikavitazama ndani. Kimoja kilikuwa na utando wa buibui kutoka kisigino hadi kwenye ulimi. Kingine kilikuwa na vumbi laini ambalo halikuwa na alama ya kidole. Nje vilikuwa vinang'aa. Kuna mtu alikuwa akivipaka rangi kila siku na hakuna mtu aliyekuwa akivivaa.

Nikaenda kwenye kamba nikalishika shati. Limelowa chapachapa, lakini kwenye mabega kamba ilikuwa imeliachia mkunjo mweupe, uliopauka kwa jua, wa nguo inayoanikwa mahali pale pale siku nenda siku rudi. Shati lile halikuwa linafuliwa. Lilikuwa linamwagiwa maji.

Neno langu lilinifika ulimini. Sikulisema.

Nilikaa kwenye kizingiti. Mtoto naye, kwa kuwa sikumgombeza, akatoka akakaa karibu.

"Mnaishi na baba?" nikamwuliza.

"Ndiyo. Na mama."

"Jana walifanya nini?" Sijui kwa nini niliuliza hivyo. Ni mazoea ya kazi.

Uso wake ulichangamka. Hii hakuikariri, hii aliipenda.

"Mama aliangusha mfuniko wa birika ukavunjika. Baba akauunga na gundi ya viatu! Halafu tukanywa chai, ikawa mbaya, baba akasema haina neno." Alicheka mpaka akaziba mdomo. "Na juzi paka alizaa kwenye mashati ya baba. Dada ananiambia kila siku tukilala. Mimi nilikuwa nimelala yakitokea, ndiyo maana siyakumbuki."

Nilikuwa nimedhani zile jana zinaazimwa kwa ajili yangu, ili mtu asisimamishwe mbele ya ubao. Kumbe kwangu zilikuwa zinapita tu.

Kimya alitokea kwenye ubao wa mtaro na ndoo kichwani. Aliniona. Hakuiangusha ndoo, hakulia. Aliitua taratibu, akamwambia mdogo wake aingie ndani akapange vikombe, akanisalimu kwa adabu, kisha akasimama vile vile alivyokuwa akisimama mbele ya darasa.

"Baba yuko wapi?" nikamwuliza.

"Alikwenda kutafuta kazi. Baada ya mazishi. Alisema atarudi."

"Simu?"

"Haipatikani."

"Na kula?"

"Nasuka watu nywele. Majirani wananipa chakula. Mwalimu, tunakula." Hilo alilisema kwa ukali kidogo. Nikanyanyuka nikaenda nikafunua sufuria, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo. Palikuwa na maharage, machache, yamefunikwa vizuri.

"Kwa nini hukusema?"

"Baba mkubwa alikuja msibani. Alisema anaweza mmoja, anayeweza kumsaidia kazi. Mdogo atapelekwa kwa shangazi, na shangazi yuko mbali, hata njia yake siijui." Sasa mikono aliificha nyuma. "Yeye usiku akiamka ananishika sikio, ndiyo anapata usingizi. Kule atamshika nani? Mwalimu, usimwambie mkuu. Mimi mtihani nitaacha, nitoe tu kwenye orodha. Ila usiseme hakuna mtu."

"Na wenzako wanajua?"

"Rula aliliona shati. Ndiye aliyeanza. Ulikuwa unanisimamisha kila zamu, nao wakaona..." Akanitazama, akaacha hapo. Hata kwenye shida ile alikuwa na heshima ya kutomalizia.

Niliumia. Siwezi kulizungushia maneno. Nilimtaka mtoto anipe jana yake, naye jana yake ilikuwa hii. Lakini pia nilikuwa na hasira na baba yake, na baba mkubwa wake, na mimi mwenyewe na ngumi zangu za madawati. Nilikunywa maji niliyopewa kwenye kikombe kisicho na mkono. Sikumwahidi kitu. Nina desturi ya kutowaamini wanaoahidi upesi, na sikutaka kuwa mmoja wao.

"Kesho uje darasani," nikamwambia tu, nikavuka ubao.

Ijumaa darasa lilijaa. Wanafunzi walikaa kwenye madawati yao, wazazi wakasimama kwenye kuta na kukalia madirisha. Mama yake Rula kweli alinuka gundi. Mwalimu mkuu alikaa mezani kwangu na miwani yake, akaita mwanafunzi mmoja mmoja, na kila jina lilipoitwa mtu mzima alisema "nipo", akaja mbele, akashikwa mkono. Mimi nilisimama kando ya ubao. Mkuu alikuwa hajapata nafasi ya kuniuliza. Nilifika shuleni nimechelewa, jambo ambalo halijawahi kutokea, na nikaliona jicho lake likilihesabu.

Zamu ya Kimya ikafika. Mkuu akamwita, akangoja. Hakuna aliyesema nipo. Nilimwona Kiranja anauma mdomo. Nilimwona Rula anageuka kumtazama mama yake kwa namna ambayo, nina hakika, sekunde moja zaidi angemsukuma mbele.

"Mlezi wake hayupo?" mkuu akauliza. Akaanza kuvua miwani.

"Nipo," nikasema.

Nilitoka ubaoni nikapita mbele ya madawati, nikaenda nikasimama nyuma ya Kimya, pale mlangoni walipokuwa wazazi. Chumba kilinong'ona kidogo, kikatulia.

"Mwalimu," mkuu alisema, "nilikutuma ukaangalie. Sikukutuma uwe mlezi."

"Ni kweli."

"Wewe ni nani wake?"

"Mama yake mkubwa."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Mzazi mmoja alicheka, akaacha. Mkuu aliweka miwani mezani. Ni mtu mwema, lakini amefanya kazi na mimi siku nyingi, na ushuku unaambukiza.

"Wewe ndiye usiyemwamini mtu shule hii," alisema. "Mwanafunzi akikuambia anaumwa tumbo unamwuliza upande gani. Leo tukuamini kwa neno tupu? Hebu utueleze. Jana kulitokea nini?"

Sijawahi kusimama upande ule wa swali langu. Nikagundua kwamba wanafunzi wote, bila kuambiwa, kwa mazoea tu, walikuwa wameweka ngumi juu ya madawati.

"Jana," nikasema, "nilikwenda nyumbani kwao. Nilikuta watoto wawili na hakuna mtu mzima. Nilirudi kwangu nikamweleza mdogo wangu. Mdogo wangu alisema, nilikutuma uzi mweusi. Nikamwambia uzi nimesahau. Akanitazama, akavaa viatu. Tulikwenda wote wawili na mkokoteni wa jirani, tukapakia godoro, sufuria na ndoo. Yule mtoto mdogo alikataa kuondoka bila viatu vya baba yake, tukavichukua navyo, viko mlangoni kwangu sasa hivi. Tuliacha ujumbe karakana, ili baba yao akirudi aambiwe wako wapi. Walikula, wakalala. Yule mdogo aliamka usiku akashika sikio la dada yake. Mdogo wangu aliamka kuwafunika, akarudi kitandani akalia, akasema ni mafua. Asubuhi tulichelewa wote kwa sababu nyumba yetu ina beseni moja. Ndiyo jana yangu, mkuu. Baba mkubwa alisema anaweza mmoja. Sisi tumeweza wawili."

Mwalimu mkuu akafanya kitu ambacho sikukitegemea: aliligeukia darasa, akayatazama yale madawati, akangoja kama ninavyongoja mimi.

Nami nikangoja. Waliijua sheria. Waliwahi kumgongea mwenzao kwa jambo dogo kuliko hilo, na kama kulikuwa na neno moja pale la kutunga, hao ndio wangelisikia. Rula alikuwa ameikunja ngumi yake mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Kiranja aliinamisha kichwa. Kimya alikuwa mbele yangu kabisa, mikono yake yote miwili juu ya dawati, na haikusogea.

Mkuu akachukua kalamu, akaandika.